Kifungo na Kazi: Habari za Tangu Siku za Kipande



Baada ya hesabu za fedha na orodha ya marehemu wetu wa mwaka huu, mmeikuta makala hii, ambayo si hesabu wala si tanzia. Halmashauri ilituagiza tuiandike kwa sababu ya shauri moja lililoletwa mbele yake, ambalo halikuweza kuamuliwa katika mikutano miwili. Kijana mmoja, mwana wa mwanachama wetu, alikuja ofisini na hati mbili mkononi. Ya kwanza ni hati ya mtihani wa ufundi wa useremala, gredi ya tatu. Ya pili ni cheti cha polisi, kile tukiitacho cha tabia njema, nacho chasema kwamba alipata kuhukumiwa kwa kosa la kuvunja duka na kuiba. Hati zote mbili ni za kweli, na zote mbili zimetokana na kifungo kimoja, maana useremala wenyewe aliujifunza gerezani. Aliomba mkopo wa kununua vyombo vya kazi kutoka katika Mfuko wetu wa Mafunzo. Na kanuni ya Mfuko, kama mjuavyo, yasema kwamba mkopo hupewa mtu mwenye sifa njema.

Wajumbe waligawanyika. Wengine walisema kanuni ni kanuni. Wengine walisema kijana amekwisha kulipa deni lake kwa serikali, wala hapana sheria ya kumtoza mtu deni moja mara mbili. Ndipo mwenyekiti aliposema kwamba kabla ya kujibu yafaa tujue maneno hayo ya sifa njema yametoka wapi, na jinsi karatasi za namna hiyo zilivyowatenda baba zetu walipotafuta kazi. Basi tumejaribu kuyakusanya yaliyo hakika, na mwenye kuyasoma atajiamulia.

Yatupasa kuanza na kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu haikuanza kutumika mpaka mwisho wa 1919 na mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, na ndani yake tajiri aliandika siku ya kumwajiri, mshahara wake, na siku ya kumwachisha. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kibweta cha bati, nacho kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wazee waliokivaa walitusimulia kwamba walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Watu wengi hukumbuka fedheha ya kile kibweta, nao wana haki. Lakini sisi twapenda mwangalie zaidi ile sahihi ya tajiri. Mtu ambaye tajiri wake wa kwanza hakumtilia sahihi ya kumwachilia hakuweza kuandikwa kazi na tajiri wa pili. Akiondoka bila sahihi ni mtoro, na mtoro alitafutwa kwa alama za vidole, akafungwa. Kwa hiyo kalamu ya mtu mmoja, pengine aliyekasirishwa na jambo dogo kama chungu kilichovunjika jikoni, iliweza kumfungia mtu mlango wa kazi katika nchi nzima. Na kwa watumishi wa nyumbani ilitungwa sheria nyingine katika miaka ya 1920, wakapewa vitabu vyao vya sifa.

Hapo ndipo yalipoanzia maneno ya sifa njema katika maisha ya kazi ya watu wetu. Zamani za babu zetu mtu alijulikana kwa ukoo wake, na kama alikosa, alitozwa mbuzi au ng'ombe mbele ya wazee, akala kiapo, na jambo likazikwa pale pale. Hatusemi kwamba desturi hiyo haikuwa na ubaya wake. Kuna waliofukuzwa katika nchi yao wasirudi tena. Lakini waliosamehewa walisamehewa kweli, maana hapakuwa na daftari. Sahau ilikuwa sehemu ya hukumu.

Tena yafaa tukumbuke ni makosa gani yaliyowajaza watu wetu gerezani siku zile. Kutochukua kipande kulikuwa kosa la jinai. Kuacha kazi kabla ya siku zake kulikuwa kosa la jinai. Kutolipa kodi ya kichwa kulimpeleka mtu kifungoni. Serikali yenyewe ilitambua kwamba inawachanganya watu wa namna hii na wezi na wauaji, hata mwaka 1925 ikatunga sheria ya kambi za vizuizi, ili wenye makosa madogo ya kazi, kodi na kipande watengwe na magereza makubwa. Lakini waliotoka katika kambi hizo walirudi kutafuta kazi wakiwa na kipande kile kile, chenye pengo la miezi ambayo hapakuwa na jina la tajiri. Pengo lilisema yaliyotukia bila kuandikwa neno.

Wote wamjua Harry Thuku, kwamba mwaka 1921 aliongoza vijana wa Nairobi kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, kwamba alishikwa Machi 1922, na kwamba watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi kumtaka walipigwa risasi, zaidi ya ishirini wakafa. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba Thuku mwenyewe alipata kufungwa zamani, mwaka 1911, naye akiwa kijana mdogo, kwa shauri la hundi ya kughushi. Alihukumiwa miaka 2. Na mtu huyo huyo, alipoanza kazi ya siasa, alikuwa mwajiriwa wa serikali katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, akishughulika na simu. Kabla ya hapo alikuwa amejifunza kupanga herufi katika mtambo wa gazeti la walowezi. Tukiitazama miaka hii twaona kwamba alitoka gerezani kabla ya siku za kipande. Hatuwezi kuapa kwamba angalizaliwa miaka 10 baadaye mlango wa Hazina ungalifungwa. Lakini yatosha kusema kwamba kijana aliyefungwa kwa shauri la hundi alipata kukaa katika jumba la fedha za serikali, na dola haikuanguka kwa ajili ya hilo. Ilipotikisika, ilitikiswa kwa sababu nyingine, zilizo njema.

Kipande kilidumu mpaka mwaka 1947, ilipotungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote katika daftari moja. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wengi wa Wazungu walinung'unika sana walipotakiwa kutoa alama za vidole, wakisema hayo ni mambo ya kuwafanyia wahalifu. Baba zetu walikuwa wamekwisha kuyafanyiwa zaidi ya miaka 25. Jina la kipande halikufa, na hata leo vijana huita hivyo kitambulisho chao, pasipo kujua neno lilikotoka.

Sasa tufike katika miaka iliyo michungu zaidi. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Mnamo Aprili 24, 1954, askari waliizunguka Nairobi katika msako uliochukua majuma kadhaa. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari, wakachunguzwa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambini Langata, Mackinnon Road na Manyani. Walipewa madaraja ya rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kama kwamba roho ya mtu yaweza kupakwa chokaa. Kazi walizoziacha mjini zilishikwa na wengine, na mtu asidhani kwamba twamlaumu aliyeshika nafasi hiyo. Naye alikuwa na watoto.

Wengi wa waliozuiliwa hawakupata kuhukumiwa na mahakama yoyote. Hata hivyo walitoka na alama ambayo haikupungua uzito kuliko ya mfungwa. Miaka ile Mkikuyu alihitaji kitabu cha pasi ili atoke katika wilaya yake kutafuta kazi, na katika uchaguzi wa mwaka 1957 Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura asipokuwa na hati ya uaminifu. Mtu aliyetoka Manyani akarudi kijijini, akaona shamba limegawanywa upya, kazi ya mjini imekwisha kushikwa, na pasi ya kwenda mjini hana: huyo alikuwa huru kwa jina. Mikono yao ilikuwa imefanya kazi kubwa wakiwa kizuizini. Mifereji ya mpunga ya Mwea ilichimbwa nao. Uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958 ulijengwa nao. Lakini hakuna aliyepewa hati kwamba yeye ni mchimba mifereji au mjenzi wa barabara za ndege. Hati aliyopewa ni ya kwamba alikuwa kizuizini.

Yumkini ndiyo sababu habari za Wamumu zatupasa kuzitazama kwa makini, ingawa wako wazee katika chama hiki ambao hawapendi kuisikia serikali ya siku zile ikisifiwa kwa neno lolote. Nasi hatuisifu. Serikali iliyofungua Wamumu ndiyo iliyokuwa na Hola, ambako watu 11 walipigwa hadi kufa Machi 1959, na tangazo la kwanza likasema ni maji waliyokunywa. Hata hivyo yaliyofanyika Wamumu yalifanyika.

Wamumu ni mahali katika nchi tambarare ya Mwea. Mwaka 1955 vijana wadogo waliokuwa wamezuiliwa pamoja na watu wazima huko Manyani na kwingineko walitengwa, wakahamishiwa huko, idadi yao ikipita elfu moja. Miongoni mwa wasimamizi wao alikuwa Geoffrey Griffin. Walisoma darasani, wakacheza ngoma na mpira, na zaidi ya yote wakafundishwa kazi za mikono, kama vile useremala na uashi. Mambo matatu yaliwatofautisha na baba zao waliobaki katika kambi nyingine. Kwanza, ufundi wao ulipimwa kwa mtihani wa ufundi wa serikali, ule ule aliofanya fundi yeyote wa nchi hii, wala si kwa maneno ya askari wa kambi. Pili, walimu wao hawakungoja matajiri waje. Waliwaendea, wakawaandikia, wakawaombea vijana kazi kwa majina. Tatu, mlango ulipofunguliwa, kijana hakwenda peke yake. Palikuwa na mtu aliyejulikana, mwenye cheo, aliyekuwa tayari kusema: huyu namjua.

Hilo la tatu ndilo tuonalo kuwa kubwa kuliko mengine. Wala halikuwa la Mzungu peke yake. Mwaka 1959 Griffin alipoanzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe, katika vibanda viwili vya bati, kwa ajili ya watoto wa mitaani, alikuwa pamoja na Waafrika wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Na Gikubu mwenyewe alipata kuwa kizuizini katika Hali ya Hatari. Mtu aliyewahi kufungiwa ndani ya seng'enge alikabidhiwa watoto wa wengine kuwalea, akaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na shule ile ikawa miongoni mwa shule zinazotamaniwa kuliko zote nchini. Laiti pale mwanzo pangeulizwa cheti cha tabia njema, sijui tungekuwa wapi.

Nasi tukitaka ushahidi mkubwa kuliko huo, tunao. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria Aprili 8, 1953, miaka 7 na kazi ngumu. Sheria ya siku zile ilimzuia mtu aliyefungwa zaidi ya miaka 2 asiingie katika Baraza la Kutunga Sheria. Alipoachiliwa Agosti 1961, chama kilichokuwa na wajumbe wengi kilikuwa kikimngoja kiongozi ambaye kisheria hakustahili hata kugombea kiti. Hapo hawakumtafuta kiongozi mwingine, bali ilibadilishwa sheria. Bwana Kariuki Njiiri alijiuzulu kiti chake cha Fort Hall, na Januari 1962 Kenyatta akaingia Barazani. Juni 1, 1963, akawa Waziri Mkuu. Twawaomba wazee waliotuambia mkutanoni kwamba mtu aliyefungwa hafai kuaminiwa fedha, wakumbuke ni picha ya nani iliyokuwa juu ya noti walizokuwa wakihesabu siku za ujana wao.

Lakini hapa yatubidi tuwe waaminifu. Mzee mmoja wa Halmashauri alitujibu hivi: "Kenyatta alifungwa kwa ajili ya nchi. Baba yangu alifungwa kwa ajili ya kodi. Huyu kijana alifungwa kwa ajili ya redio na katoni za sigara. Msituchanganyie." Neno lake ni zito, nasi hatuna jibu la kulifuta. Ni kweli kwamba wengi wa wafungwa tuliowataja walikosa kwa sheria zilizokuwa zenyewe makosa, na kuvunja duka ni kosa katika kila sheria, ya mzungu, ya babu zetu na ya dini zote. Tusemalo ni kwamba karatasi haikujua tofauti hiyo. Pengo katika kipande lilikuwa pengo, awe mtu alikosa kodi au aliiba. Na mtu aliyeiba akamaliza kifungo chake aliukuta mlango ule ule umefungwa, wala hapana siku iliyowekwa ya kuufungua.

Habari za baada ya Uhuru zaweza kuelezwa kwa ufupi. Huduma ya maofisa wa probesheni, iliyoanza mwaka 1946, iliendelea. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya kuwaruhusu wenye makosa madogo kutumikia adhabu kwa kazi za jamii badala ya kwenda jela, na kwa njia hiyo wengi wameweza kubaki na familia zao. Tangu mwaka 2003, Bwana Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais, magereza yalifunguliwa kidogo macho ya watu. Wafungwa wakapata magodoro, na masomo yakatiliwa nguvu. Leo wako wafanyao mtihani wa taifa wa shule ya sekondari wakiwa gerezani, na wachache huko Kamiti na Langata wamesomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Karakana za magereza hutoa meza, vitanda na nguo. Nambari za motokaa zetu hupigwa Kamiti. Kila mkubwa apitaye barabarani katika gari lake abeba kazi ya mfungwa mbele na nyuma.

Kwa upande wa ufundi, mtihani wa ufundi wa siku za ukoloni haukufa, ila umebadilisha wenyewe. Wazee wa Kabete watakumbuka kwamba huko kulikuwa na mahali pawili: shule ya kurekebisha watoto waliohukumiwa, iliyoanza kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na chuo cha mafunzo ya ufundi kwa Waafrika kilichoanzishwa mwaka 1924, ambacho leo ni Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kabete. Wavulana wa mahali pawili hapo walishika randa za namna moja. Tofauti ilikuwa jina la mahali walipotoka. Hivi leo mtihani husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, kwa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuufanya, hata kama ufundi aliujifunza chini ya mti. Hati hutolewa na Mamlaka, haitolewi na gereza. Twaliona jambo hili kuwa la maana sana, na ndiyo maana ile hati ya gredi ya tatu ya kijana wetu haina tofauti na hati ya mtoto wa mwingine.

Lililozidi kukua ni cheti cha polisi. Zamani kilitakiwa na wachache. Leo dereva na kondakta wa gari la abiria hapewi leseni pasipo hicho, mwalimu haandikishwi, askari wa kulinda majumba haajiriwi, na makampuni mengi hukidai hata kwa mfagizi. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole, nazo hulinganishwa na daftari. Hatupingi kwamba watoto walindwe na walimu wabaya, na abiria na madereva wabaya. Lakini twaona ajabu kwamba ufagio nao wahitaji daftari la vidole.

Katiba ya mwaka 2010 imempa Rais uwezo wa kusamehe, na kamati ya kumshauri. Mtu aliyehukumiwa aweza kuomba. Kwa watoto sheria imekwenda mbele zaidi: tangu sheria ya watoto ya mwaka 2001 imekatazwa hata kutumia maneno ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Huko Uingereza, walikotoka waliotuletea daftari, ilitungwa sheria mwaka 1974 ya kwamba mtu aliyehukumiwa kifungo kisicho kirefu, akikaa miaka iliyowekwa bila kosa jingine, kosa lake huhesabiwa limekwisha, na isipokuwa kwa kazi maalumu hana lazima ya kulitaja. Sheria hiyo ilikuja miaka 11 baada ya Uhuru wetu, basi haikuwamo katika mzigo tuliorithi. Daftari ndilo tulilorithi.

Tukiuliza, basi, ni wapi waliofungwa walipopata kazi katika miaka hii 60 na zaidi ya Uhuru, jibu si ofisini. Ni pale ambapo mwenye kununua hutazama kitu, hamtazami mtu. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walikuja Kenya kuchunguza mambo ya ajira, wakaandika juu ya mafundi wasio na leseni wala majumba, nao wakaonyesha kwamba hao si wavivu, ni watu wafanyao kazi na kuzalisha mali. Mafundi wa Kamukunji na Gikomba hawakungoja ripoti hiyo ili wajue kwamba wanafanya kazi. Jua lenyewe lilikuwa limekwisha kuwapa jina. Katika uwanja wa jua kali mtu hupewa mabati akaambiwa atengeneze sanduku. Sanduku likikaa sawa, hulipwa. Wengi wetu tumelala juu ya vitanda vilivyotengenezwa na watu ambao hatukuwauliza neno.

Lakini jua kali nalo lina mlango wake, nao ni vyombo. Msumeno, randa, patasi, keekee na jiliwa havipatikani bure, na mfungwa hutoka na senti chache tu alizolipwa kwa kazi yake ya gerezani. Benki haimkopeshi. Ndugu zake wamekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya wakili. Hapo ndipo wengine hurudi walikotoka, si kwa kupenda jela.

Kijana wetu alipotoka alikwenda kwanza kwenye kiwanda kimoja cha samani, ambacho hatutakitaja. Alipewa ubao akaambiwa aunge kiungo cha mkia wa njiwa. Msimamizi akakisifu kiungo, akamwambia aje Jumatatu na vyeti vyake. Jumatatu akaenda navyo vyote viwili, kwa sababu baba yake alimkataza kuficha. Jumatatu hiyo hiyo alirudi nyumbani. Tangu wakati huo amekuwa akiwatengenezea majirani viti kwa msumeno wa kuazima, na mwenye msumeno huutaka kila Alhamisi.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo gumu. Duka alilolivunja ni la mwanachama wetu, naye ni mjumbe wa Halmashauri. Katika mikutano yote miwili alikaa kimya. Mwisho mwenyekiti alimwomba aseme, akasimama, akasema kwamba hawezi kusema amesahau, maana kufuli alilolinunua baada ya siku ile bado analilipia kwa moyo wake kila jioni. Akasema hatapiga kura ya kukataa mkopo. Akasema pia kwamba asitakiwe kuwa mdhamini, kwani hilo lazidi nguvu zake. Kisha akauliza kama katika fedha atakazopata kijana kwa kazi yake itawezekana kutolewa kidogo kidogo thamani ya vitu vilivyopotea, isiyopata kulipwa na mtu yeyote, kwa kuwa serikali ilimfunga mwizi lakini haikumlipa mwenye duka. Hapakuwa na aliyefikiri neno hilo kabla yake. Katika barua ya sheria halimo, lakini wazee wa zamani, wale wa mbuzi na kiapo, wangalianzia hapo.

Kijana aliitwa, akaulizwa. Alisema anakubali, naye akataja kiasi cha kila mwezi, ambacho mwenye duka alikiona kikubwa mno kwa mtu asiye na msumeno, akakipunguza mwenyewe.

Kanuni ya Mfuko haiwezi kubadilishwa na Halmashauri. Ni kazi ya Mkutano Mkuu. Maneno ya sasa, kama yalivyoandikwa na waasisi wetu, ambao baadhi yao walivaa kibweta shingoni, ni "mtu mwenye sifa njema". Maneno yanayopendekezwa ni "mtu mwenye ufundi uliothibitishwa kwa hati, na mwenye wadhamini wawili miongoni mwa wanachama". Wadhamini watahesabiwa kuwa na deni pamoja na mkopaji. Kwa kijana huyu mdhamini wa kwanza amepatikana, naye ni mzee yule yule aliyetuambia tusichanganye redio na Uhuru. Alipoulizwa sababu, alisema amekalia kiti cha kijana huyo kwa jirani yake, na hakikulia.

Nafasi ya mdhamini wa pili ingali wazi. Fomu iko kwa katibu. Pendekezo litasomwa katika Mkutano Mkuu baada ya hesabu za fedha, na kila mwanachama aliyelipa ada yake ana kura moja.